Ndovu mwenye masikio madogo na vita ambavyo hatujavisimulia

Mwulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu akutajie mbinu za kukusanya fasihi simulizi nyanjani, naye atakumiminia bila kusita: mahojiano, hojaji, ushuhudiaji, kurekodi kwa kinasa sauti, kupiga picha. Atakueleza ubora wa kila mbinu na udhaifu wake, na pengine ataufuata mpangilio uleule ambao mwalimu wake aliutumia ubaoni. Kisha mwulize ni mzee yupi ambaye yeye mwenyewe amewahi kumhoji. Atakutazama kana kwamba umemwuliza ni lini alipanda Mlima Kenya bila viatu.

Nimefundisha lugha hii kwa zaidi ya miaka thelathini na natambua fika kuwa kosa si la mwanafunzi. Mtihani huuliza mbinu, haumtaki mzee. Lakini wakati sisi tukikariri faida za hojaji, wenye habari wanazikwa, nasi tunahudhuria matanga yao, tunakula wali na kurudi shuleni kusahihisha madaftari. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikoma mwaka 1945. Askari aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku hiyo angekuwa sasa amepita miaka 100. Kwa kizazi hicho mlango umekwisha kufungwa, au umebaki ufa mwembamba tu.

Nao hawakuwa wachache. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoa zaidi ya wanaume 250,000 kwa vita hivyo, na karibu 100,000 kati yao walitoka Kenya. Walipigana na Waitaliano katika Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, wakatua Madagaska mwaka 1942, kisha wengi wakapelekwa Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka, na kutoka huko wakaingia Burma kupambana na Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi. Watu karibu 1,300 waliangamia, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Najiuliza ni wanafunzi wangapi wa Mombasa wanaoijua habari hiyo, ilhali meli yenyewe iling'oa nanga Kilindini.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa walioingia Burma. Alikuwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo raia waliliita Keya, chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kuanzia Agosti 1944, wakati mvua kuu za huko zikinyesha bila huruma, divisheni hiyo ililishuka bonde la Kabaw kutoka Tamu, ikafika Kalemyo mwezi Novemba, na mwanzoni mwa Desemba ikaitwaa Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Hapo wahandisi walitandaza daraja la chuma la zaidi ya futi 1,100, ambalo kwa wakati ule lilihesabiwa kuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani.

Hayo nimeyapata vitabuni. Kwa baba hayakupatikana kwa miaka mingi. Tulipokuwa wadogo alitusimulia mambo matatu tu kuhusu safari yake: garimoshi za Ceylon, chai yenye maziwa ya mkebe, na vidonge vya kuzuia malaria ambavyo viliigeuza ngozi ya Wazungu kuwa ya manjano kama embe bivu. Tulicheka, tukamwomba arudie. Vita vyenyewe havikuwamo katika masimulizi hayo, nasi hatukujua kuwa havimo.

Baba alikuwa mchongaji. Sisi ni Wakamba, na msomaji asiyejua chimbuko la uchongaji wa biashara Ukambani huenda akashangaa kusikia kwamba nao ulitokana na vita. Mutisya Munge, mzaliwa wa Wamunyu, alifika Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akauona ufundi wa wachongaji wa huko, akarejea nao nyumbani na kuwafunza jamaa zake. Kutoka kwao ufundi ukasambaa kijiji hadi kijiji, hata leo vinyago vya Wakamba vinauzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Kila twiga wa mbao anayenunuliwa na mtalii ana mzizi katika vita vilivyoanza mwaka 1914, ingawa anayemuuza hataji hilo anapopatana bei.

Baba alichonga twiga, vifaru na ndovu kama wenzake. Lakini mara mojamoja, hususan mvua za Novemba zilipoanza, alichonga ndovu wa namna nyingine. Masikio yake yalikuwa madogo, mgongo umebinuka, gogo limefungwa kwa mnyororo nyuma yake, na mtu ameketi shingoni. Mfanyabiashara aliyekuwa akizichukua kazi zake alimrudishia ndovu hao kila mara. Alidai wameharibika, ni mtalii gani atakayemnunua ndovu wa Kenya mwenye masikio ya ng'ombe? Baba hakubishana naye. Aliwapanga darini, juu ya magunia ya mbaazi.

Mwaka 1994 binti yangu, wakati huo akiwa darasa la sita, alimteremsha ndovu mmoja na kumwuliza mwenyewe, "Babu, mbona huyu masikio yake ni madogo hivi?"

Mzee alimpokea yule ndovu, akampangusa vumbi kwa kiganja. "Huyu si wa hapa," akasema. "Huyu nilifanya naye kazi."

Katika bonde la Kabaw, jeshi la Uingereza lilitumia ndovu waliofunzwa kuvuta magogo ya kujengea madaraja na kutandika barabara, pale ambapo magari yalizama topeni yasiweze kwenda mbele wala nyuma. Ndovu wa Asia ana masikio madogo kuliko wa kwetu. Kazi ile ya baba haikuwa imeharibika hata chembe. Ilikuwa sahihi kuliko macho ya mnunuzi.

Kutokana na swali lile la mtoto zilipatikana kaseti nne, tulizozirekodi katika likizo tatu mfululizo. Nawaomba walimu wenzangu walitafakari jambo hili kabla ya kuwatuma wanafunzi wao kwa wazee. Sisi watu wazima tulikuwa tumezoea kumwambia baba, "Tueleze habari za vita." Hilo si swali, ni amri, na mtu aliyewahi kuwa askari ameshiba amri. Ataijibu kwa kile alichokizoea kukitoa: garimoshi, chai na vidonge. Mtoto aliuliza juu ya kitu kilichokuwa mkononi mwake. Kitu kina upande wa juu na wa chini, kina kovu, kina mahali pa kuanzia. Kutoka kwenye masikio ya ndovu mzee alikwenda kwenye mnyororo, kutoka kwenye mnyororo akaenda kwenye gogo, na kutoka kwenye gogo akafika kwa watu waliolibeba.

Kuna jambo la lugha ambalo halina budi kuwagusa wanaofundisha Kiswahili. Baba alianza kusimulia kwa Kikamba. Alipofika kambini alihamia, bila kujitambua, kwenye Kiswahili cha jeshini, kile ambacho wataalamu wa lugha wamekiita Kikeya. "Sisi nakwenda usiku," anasema katika kaseti ya pili. "Mvua napiga. Bwana mkubwa nasema simama, sisi nasimama. Mtu naanguka, hapana sema kitu." Mwalimu mwenye kalamu nyekundu ataona makosa sita katika maneno hayo machache. Kalamu hiyo na iwekwe chini. Lugha ile iliwaunganisha Mkamba, Mnandi, Myao na Mwacholi waliokuwa katika shimo moja. Ilikuwa lugha ya kupewa amri na ya kuombea maji. Baba alikuwa na Kiswahili kingine, kile cha sokoni na cha kanisani, lakini alipoikumbuka Burma aliikumbuka kwa lugha aliyoiishi huko. Ukiyanyoosha maneno yake yafuate ngeli na nyakati, utabaki na insha safi na utakuwa umempoteza shahidi. Mwanafunzi aandike yaliyosemwa kama yalivyosemwa. Akitaka kuyafasili kwa Kiswahili sanifu, afanye hivyo pembeni.

Nilikuwa nimesema kwamba kutoka kwenye gogo alifika kwa watu. Mmoja wao alikuwa kijana wa mtaa wetu, aliyeandikishwa siku moja na baba mwaka 1942. Baba aliporudi nyumbani mwaka 1946 alikwenda kwa mama wa kijana huyo, akamwambia kuwa mwanawe alikufa vitani, akiwa ameshika bunduki, na kwamba hakuteseka. Nyumba ile iliyashika maneno hayo. Wajukuu wawili walipewa jina lake. Katika kaseti ya tatu baba anasema mambo mengine. Kijana yule alikufa kwa homa, kando ya barabara ambayo ndovu na watu walikuwa wakiitandika magogo, akingoja gari la wagonjwa ambalo halikuweza kupita. Alilia siku mbili. Alimwita mama yake. Baba alikuwa katika kikosi cha magogo, na kila alipopita na mzigo alimwona, na hakuruhusiwa kuutua.

Baada ya hapo kaseti inanyamaza kwa muda mrefu. Unasikika mlio wa kinasa sauti peke yake, na jogoo kwa mbali. Kisha baba anasema kwamba sehemu hiyo nisiwape watu mpaka yeye awe hayupo.

Alifariki mwaka 1998. Baada ya matanga nilikwenda katika nyumba ile, nikamkuta mdogo wa marehemu, ambaye naye alikuwa mzee wa mkongojo, nikamweleza kwamba ninayo habari ambayo baba aliiacha, na kwamba ni hiari yake kuisikia au kutoisikia. Aliisikiliza yote. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hayo tuliyajua. Serikali ilileta barua, na barua ilisema ugonjwa. Mama alimpa mwalimu wa misheni amsomee. Baba yako alipokuja na maneno yake, mama aliona jinsi alivyokonda, akamwitikia. Alituonya tusije tukamkosoa."

Basi kwa miaka zaidi ya hamsini nyumba mbili zilikuwa zikifichiana habari moja, kila moja ikidhani inaihifadhi nyingine. Kitabu cha historia hakina mahali pa kuliweka jambo la namna hiyo. Hati ya jeshi nayo ilikuwa na ukweli wa ugonjwa, haikuwa na ukweli wa yule mama. Wenzetu wa somo la historia hupenda kutuonya kuwa kumbukumbu ya mzee haiaminiki, kwamba husahau miaka na kuongeza chumvi. Ni kweli baba alichanganya miezi, na wakati mmoja aliniambia daraja la Chindwin lilikuwa na urefu wa maili moja. Urefu wa daraja nitaupata kwingine. Mahali pengine nisingepata kwa nini alidanganya, wala kwa nini alipokewa kwa upole na mtu aliyejua kuwa anadanganywa.

Nirudi kwenye sanaa, maana wengi wakisikia neno hilo hufikiria mapambo ya kubandika ukutani siku ya wazazi. Binti yangu alianza kuyachora aliyoyasikia. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa askari wenye kofia za chuma, vifaru vya kijeshi na moshi mweusi. Aliutoa katika filamu za Kimarekani alizoziona kwa jirani. Alipomwonyesha babu yake, mzee alicheka hadi akakohoa. Kofia zao zilikuwa za kitambaa, pana, ukingo mmoja umekunjwa juu. Kifaru hakikupita pale. Akachukua kipande cha makaa jikoni, akaichora barabara ya magogo juu ya mchoro ule ule, akaonyesha mahali mahema yalipokuwa, na mahali pa makaburi, ambapo hakuwa amepataja katika kaseti yoyote. Kwa ufupi, mchoro uliokosewa ulizaa habari ambayo maswali yangu hayakuizaa. Mwanafunzi na achore, apeleke mchoro kwa msimulizi, akosolewe, achore tena. Michoro yote miwili ihifadhiwe, ule wa kwanza pamoja na ule uliosahihishwa, kwa kuwa tofauti iliyopo baina yao ndiyo somo lenyewe.

Kazi ya namna hii si ngeni duniani. Mmarekani Art Spiegelman, ambaye wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Poland walionusurika Auschwitz, alianza kumrekodi baba yake katika miaka ya 1970, na kutokana na kanda hizo akachora Maus, kitabu cha vibonzo kilichotoka kwa juzuu mbili, mwaka 1986 na mwaka 1991. Wayahudi amewachora kama panya na Wajerumani kama paka. Kitabu hicho kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, na miaka thelathini baadaye bodi moja ya shule katika jimbo la Tennessee ikakiondoa madarasani. Ninachokistahi zaidi ndani yake ni kwamba mchoraji hakumsafisha baba yake. Anamwonyesha akiwa bahili, mgomvi, akiendesha baiskeli ya mazoezi huku akisimulia mambo yanayokausha damu, na anaonyesha jinsi wao wawili walivyogombana juu ya masimulizi yenyewe. Karibu nasi zaidi yupo marehemu Biyi Bandele wa Nigeria, ambaye baba yake alipigana Burma kama wangu. Mwaka 2007 alitoa riwaya, Burma Boy, iliyochipuka kutokana na hadithi alizozisikia utotoni nyumbani kwao.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika kusini mwa Tanzania kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka sitini. Wanafunzi hao hawakuwa maprofesa. Walikuwa vijana wenye madaftari, na waliyoyakusanya yangali yanategemewa na watafiti. Mwaka uliofuata, Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake Kinjeketile, ambayo vizazi vya wanafunzi wetu vimeisoma. Mwandishi mwenyewe alionya kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, si yule wa historia. Onyo hilo ningependa libandikwe katika kila darasa litakalofanya kazi hii: ushahidi ukae mahali pake na ubunifu mahali pake, na kila kimoja kijulikane kwa jina.

Nawasikia wanaosema kuwa tunafukua makaburi. Hoja hii siipuuzi, maana hapa Kenya ina uzito wa pekee. Kizazi cha Burma kimekwenda, lakini kizazi cha Hali ya Hatari kingalipo. Hali hiyo ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na tangu mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati huo sasa amevuka themanini. Vikosi vya Keya, jeshi lile lile la baba, vilitumwa misituni kuwawinda Mau Mau, na miongoni mwa Mau Mau walikuwamo waliokuwa Keya. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa amepigana Burma, na katika kitabu chake cha mwaka 1967 ameeleza jinsi aliyoyaona na kuyasikia huko yalivyomfungua macho. Kwa hiyo katika darasa moja huenda ameketi mjukuu wa mpiganaji, mjukuu wa askari na mjukuu wa mlinzi wa kijiji, dawati kwa dawati. Mwalimu akiwaambia waende wakaulize, mmoja atarudi na fahari, na mwingine atarudi na jambo asiloweza kulisoma mbele ya wenzake.

Na asilisome. Hakuna sheria inayosema kila kinachorekodiwa lazima kisomwe kwenye gwaride. Lakini kunyamaza kabisa nako kuna gharama yake, na tumewahi kuiona hesabu yake mahakamani. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi London kuhusu mateso waliyotendewa wakati wa Hali ya Hatari. Nyaraka zilizokuwa zimefichwa Uingereza zilikuja kuwasaidia baadaye, ila kesi ilianza kwa vinywa vya wazee. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228. Waliokufa kabla ya kuulizwa hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Wengine watasema walimu hawana wakati. Huo ni ukweli mtupu, nami niliwahi kuwa na darasa la wanafunzi 58 na kipindi cha dakika arobaini. Lakini sidai kipindi kipya. Mtaala wa umilisi unaowataka wanafunzi wafanye miradi umekwisha kuingia shuleni, na mara nyingi miradi hiyo humalizikia kwa mzazi kununua kadi na gundi usiku wa Jumapili. Mwanafunzi ana simu ya nyumbani inayorekodi vizuri kuliko kinasa sauti nilichokiazima mwaka 1994. Ana nyanya. Sioni ni kibali gani zaidi tunachokingoja.

Kuhusu nyanya, niongeze neno. Vita havikai jeshini peke yake. Mama yangu, ambaye hakuvaa sare hata siku moja, alijaza kaseti ya tano: upungufu mkubwa wa chakula wa mwaka 1943, ng'ombe walionunuliwa kwa lazima ili kulisha jeshi, na foleni kwa karani aliyekuwa akiwasomea wake za askari barua zao kwa sauti, mbele ya watu wote, pamoja na maneno ambayo mume hangependa yasikike. Alinieleza jinsi wanawake walivyobuni maneno ya mafumbo ili karani asielewe. Huo ni utafiti mzima wa lugha, na uko katika vichwa vya wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwaita mashujaa. Watoto wa wanajeshi waliokwenda Somalia tangu Oktoba 2011 nao wako madarasani mwetu, na mama zao wana mafumbo yao.

Kaseti zangu nilizihamishia kwenye diski kabla hazijakwisha kuliwa na joto. Nakala moja ya ile ya tatu iko katika nyumba ya yule kijana, kwa kuwa ni mali yao kabla ya kuwa yangu. Hili nalo lifundishwe: msimulizi na aulizwe, mwishoni na si mwanzoni tu, nani asikie na nani asisikie, na lini, na jibu lake liandikwe juu ya kanda pamoja na tarehe. Nakala ya yale yaliyoruhusiwa ikae katika maktaba ya shule, ndani ya bahasha kavu, ikiwa na jina la mwanafunzi aliyeirekodi. Yapo makabati mengi yaliyojaa mitihani ya miaka iliyopita. Rafu moja ikipunguzwa hakuna atakayefeli.

Likizo ijayo, basi, mwalimu asiwatume wanafunzi wakaulize habari za vita. Awatume wakatafute kitu: nishani iliyotumika kama kizibo cha chupa, mkebe wa chakula wenye namba, blanketi la kijivu, kipande kilichotundikwa shingoni enzi za ukoloni, picha ambayo mtu mmoja amekatwa kwa makasi. Wakichore kwanza, kisha waulize kimetoka wapi. Asiyepata kitu chochote na amwulize nyanya yake kovu lile la mkononi alilipata vipi. Na nyanya akinyamaza, aandike tarehe, aandike kuwa amenyamaza, na amchore akiwa amenyamaza.